Malezi: Hata mbuzi wa Msalato anatushinda?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu yangu msomaji, leo niruhusu nianzie mnadani badala ya msikitini.

Siku chache kabla ya Idd el-Hajj nilikwenda mnada wa Msalato, hapa Dodoma, kutafuta mnyama wa kuchinja. Nikamkuta mzee mmoja wa Kigogo amechuchumaa pembeni, amemshika mbuzi jike aliyekuwa amezaa palepale alfajiri ile. Kijana mmoja alitaka kumwinua mwanambuzi amfute kwa gunia. Mzee akamkemea kwa sauti. Baada ya mbukwenyi na habari za mvua, nikamuuliza kijana amekosa nini. Akanijibu: "Mwalimu, huyu akifutwa na mtu kabla mama yake hajamlamba, mama hatamjua. Kesho atampiga pembe, na utamnyonyesha kwa chupa wewe." (Sijui alijuaje kuwa mimi ni mwalimu. Labda ni kofia na kalamu mfukoni.)

Mzee yule, kwa maneno yake mwenyewe, hajakanyaga darasa. Lakini alichokisema ndicho walichokithibitisha watafiti wa Marekani katika miaka ya 1960, akina Peter Klopfer, waliochunguza mbuzi wanaozaa. Waliona kwamba dakika tano tu za mama kumnusa na kumlamba mwanawe mara baada ya kuzaa zinatosha. Hata wakitenganishwa kwa muda, wakikutanishwa mama humpokea. Lakini mtoto akiondolewa kabla ya dakika hizo, kisha akarudishwa baada ya saa moja au zaidi, mara nyingi mama humkataa kana kwamba ni mtoto wa mwingine. Bi maana, hata ule upendo wa mama tunaodhani unakuja wenyewe una saa yake na njia yake.

Sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze. Katika Surat Al-An'aam (6:38) Allah (s.w.) anatufahamisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametueleza kuwa Allah ameigawa rehema sehemu mia, akateremsha moja tu ardhini, na kwa hiyo moja viumbe wote wanahurumiana, hata mnyama huinua kwato yake asije akamkanyaga mwanawe. Tazama mfano aliouchagua. Alipotaka tuione rehema kwa macho alitutajia kwato.

Hadithi nyingine mashuhuri, ile ya kila mtoto kuzaliwa katika fitra kisha wazazi wake ndio wanaomgeuza, nayo imeambatana na mfano wa mnyama anayezaliwa mzima, masikio yake hayajakatwa. Walimu wa madrasa tunaisoma sana nusu ya kwanza ya hadithi hii, na ya pili tunaipita haraka. Mnyama hazaliwi na masikio yaliyokatwa. Hukatwa na mkono wa anayemfuga.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukata.

Binti yangu wa kwanza nilimpeleka bweni mwaka 2021 akiwa na miaka sita. Shule ilikuwa mkoa mwingine, ina matokeo mazuri, mabinti wamestirika, nyiradi asubuhi na jioni. Mimi na mama yake sote tunafanya kazi, na msichana wa kazi alikuwa ameondoka. Nilijiambia kwamba nampeleka kwenye dini. Likizo ya kwanza alipoteremka kwenye basi alinisalimia, "Shikamoo mwalimu." Tukacheka. Likizo ya tatu hatukucheka. Alikuwa akikimbia uani akajikwaa, goti likachubuka hadi damu ikatiririka. Mama yake alikuwa hatua tano kutoka pale, anachambua mchicha. Mtoto hakulia wala hakumtazama mama yake. Alinyanyuka, akaenda nyuma ya simtanki, akakaa peke yake akilipuliza goti. Jirani yetu akamsifu: "Mashaallah, mtoto jasiri huyu!" Mama yake hakusema kitu. Alilia usiku.

Sitaki kuilaumu shule ile. Mlezi wa bweni lao alikuwa mama mwenye huruma, lakini alikuwa na mikono miwili na watoto arobaini. Mtoto akilia mara kumi bila kuitikiwa, mara ya kumi na moja amekwishajifunza kutolia. Tukaita ujasiri.

Nilipokuwa chuoni tulisomeshwa saikolojia ya elimu, nami nilijibu mtihani nikasahau. Usiku ule nikalikumbuka jina moja. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 na kufanya kazi chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alizitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28. Alikuwa akikaa sebuleni kwa watu, anatazama, anauliza, anarudi tena baada ya siku kadhaa. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967, na elimu ya malezi inayofundishwa leo katika vyuo vingi duniani ina mzizi wake mmoja katika sebule zile za Waganda. Wengi wetu tunadhani elimu hiyo yote imetoka Ulaya.

Alichokiona ni hiki. Mtoto aliyetulia kwa mama yake hutambaa akaenda mbali bila hofu kuikagua dunia, kisha hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, akaenda tena. Akiumia, au akitokewa na mgeni, humkimbilia. Mama kwake ni kama kambi kwa msafiri. Wapo pia watoto ambao hawakuwa hivyo: waliolia muda wote hata wakiwa mikononi, na wachache ambao mama akitoka au akiingia kwao ilikuwa sawasawa. Kilichowatofautisha hakikuwa wingi wa ndugu waliomsaidia mama kubeba mtoto. Wale akina mama waliokuwa na mengi ya kumweleza mgeni juu ya mtoto wao, anapenda nini, ameanza lini kufanya hili, amebadilika vipi, ndio ambao watoto wao walielekea kuwa wametulia.

Nikajiuliza. Binti yangu anaogopa nini usiku? Rafiki yake ni nani? Kitu gani kinamchekesha? Sikuwa na jibu hata moja. Nilichokuwa nacho ni ripoti ya muhula: wa nne kati ya hamsini na mbili.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazazi wengi tulinung'unika, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu nilikuwa nimekwishalipa ada. Binti alirudi nyumbani akiwa darasa la tatu. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajaanza tena kutulilia.

Hapa najua nitawaudhi baadhi ya ndugu zangu. Waraka ule umezungumzia shule. Je, sisi na vituo vyetu vya kuhifadhisha Qur'an? Kuhifadhi ni ibada tukufu na malipo yake ni makubwa. Lakini mtoto wa miaka mitano anayelala kituoni, anayemuona mama yake mara mbili kwa mwaka, tunamhifadhisha maneno ya Arrahmaan huku tukimnyima ile sehemu moja ya rehema aliyoiteremsha Arrahmaan. Tirmidhi amepokea hadithi ya onyo kali kwa anayemtenganisha mama na mwanawe. Natambua kwamba hadithi hiyo imekuja katika suala la mateka. Ndiyo inayonitia hofu zaidi: ikiwa mateka wamepewa haki hiyo, mtoto wetu wa halali ana kosa gani? Wa mtaani kwetu wahifadhi kutwa, jioni warudi nyumbani. Zipo madrasa zinazofanya hivyo, na wanahifadhi.

Na akina baba tusijifiche nyuma ya akina mama. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji huu umejaa wanaume ambao familia zao zimebaki Dar es Salaam. Zamani tulisema basi linachosha. Treni ya umeme ilianza kuleta abiria hapa mwaka 2024, safari ya takriban saa nne au pungufu, na bado wapo wanaoonekana nyumbani Idd kwa Idd.

Msomaji mmoja ataniuliza: basi tuwafungie watoto migongoni mpaka waote ndevu? La hasha. Kule Gombe, mkoani Kigoma, Jane Goodall alianza mwaka 1960 kuwafuatilia sokwe mmoja mmoja. Alikuwapo sokwe jike mzee aliyemwita Flo, na mwanawe wa kiume Flint. Flo alikuwa amechoka kwa uzee, akashindwa kumwachisha. Flint akiwa na miaka minane bado alilala kiota kimoja na mama yake. Mwaka 1972 Flo alikufa. Flint akakaa karibu na mahali pale, akaacha kula, akadhoofu, na wiki chache baadaye naye akafa. (Simweki binadamu daraja moja na sokwe. Allah amewatukuza wanadamu, 17:70. Lakini Qabil alifundishwa kuzika na kunguru, na hakuna aliyesema ameshushwa hadhi.) Kuachisha nako ni sehemu ya huruma, ndiyo maana Qur'an (2:233) imelifanya jambo la kumwachisha mtoto ziwa kuwa la kuridhiana na kushauriana baba na mama.

Mtoto akishaachishwa huenda kwa nani? Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, na sisi wa upande ule, tunaopakana na Tarangire, tunawajua tembo kwa hasara za mashambani. Familia ya tembo huongozwa na jike mkongwe. Dume akibalehe huondoka kwa mama zake na kujiunga na madume wakubwa, huko anafunzwa adabu. Afrika Kusini walijaribu njia nyingine bila kukusudia. Katika hifadhi ya Kruger tembo walikuwa wakipunguzwa kwa kupigwa risasi, na watoto waliobaki yatima wakasafirishwa hadi hifadhi ya Pilanesberg, ambako hapakuwa na madume wakubwa. Walipofikia ujana, katika miaka ya 1990, madume yale yakapandwa na ule ukali wa kutafuta majike mapema mno na kwa muda mrefu mno, yakaua faru zaidi ya 40. Mwaka 1998 wahifadhi wakaleta madume sita wakubwa kutoka Kruger. Hawakuchapa mtu. Walikuwapo tu, wakisimama mbele ya vijana. Mauaji ya faru yakakoma.

Niliposoma habari hiyo niliikumbuka sira. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwishafariki. Alinyonyeshwa na Bi Halima, akampoteza mama yake akiwa na miaka sita, babu yake akiwa na minane, kisha ami yake Abu Talib akamchukua. Yatima, lakini hakuna siku aliyokosa mkubwa wa kumshika mkono, na Allah anamkumbusha neema hiyo katika Surat Adh-Dhuhaa.

Sasa nenda Ijumaa kwenye misikiti yetu ya mjini, uanzie Majengo mpaka Nkuhungu. Vijana wa miaka kumi na mbili hadi kumi na saba wako wapi? Wako nje, wamekaa kwenye pikipiki, wanasubiri iqama. Waliokuwa wadogo walifukuzwa safu ya mbele, wakafukuzwa ya kati, wakafukuzwa ya nyuma kwa sababu wanacheka. Nimemuona kwa macho yangu mzee wa heshima akimshika mtoto sikio na kumtoa mlangoni khutba ikiendelea. Mtume (s.a.w.) alisalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama bint Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Imo katika Bukhari na Muslim. Tunaisoma kila mwaka.

Nimeipelekea kamati ya msikiti wetu ombi moja. Kila mtoto wa kiume asimame kati ya watu wazima wawili, asipangwe na wenzake kwenye safu ya vichekesho. Akicheka, aguswe bega. Katibu ameniambia wazee wawili wamekataa kabisa, wanasema watoto watawaharibia khushui. Kikao ni Jumapili baada ya Alasiri, nami nitakwenda na binti yangu, kwa sababu amesema anataka kuona kikao kinavyokuwa.

Wabillahi tawfiiq.