Nguruwe Mgonjwa na Haki ya Jirani

Ugonjwa mpya uingiapo zizini, swali la kwanza la watu ni hili: je, utatupata na sisi? Swali hilo ni la haki, na wataalamu wapaswa kulijibu kwa kupima, wala si kwa kukisia. Nchi ya Malaysia iliona gharama ya kukisia. Mwaka 1998 wafugaji wa nguruwe walianza kufa kwa homa ya ubongo, ikadhaniwa kuwa ni ule ugonjwa wa zamani uletwao na mbu. Dawa ya mbu ilipulizwa, chanjo zikatolewa, na wafugaji wakazidi kufa. Ndipo mwezi Machi 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Malaya walipogundua virusi vipya, vilivyoitwa Nipah, vilivyotoka kwa nguruwe kuwaingia watu. Hadi ugonjwa ulipokoma, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa.

Hapa Afrika Mashariki swali hilo hilo limepata jibu jingine. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo R. E. Montgomery, nchini Kenya, katika maandishi yake ya mwaka 1921. Virusi vyake hukaa ndani ya ngiri bila kumwuguza, na papasi huvieneza. Nguruwe wa kufugwa akivipata, mara nyingi hufa katika siku chache, na dawa ya kumponya hakuna. Lakini mtu havimwambukizi, wala ng'ombe, wala mbuzi, wala mbwa.

Jibu hili la kututuliza wengine wamelifanya kisingizio. Mfugaji aonapo nguruwe wake wameacha kula, huwachinja upesi na kuwauza rahisi, akisema: nyama hii haimdhuru mtu. Je, asema uongo? La, asema kweli; ila kwa kweli hiyo afunika nyingine. Virusi hivyo hudumu katika nyama kwa muda mrefu, na makombo yakitupiwa nguruwe wa jirani, banda zima laweza kuteketea. Mwaka 1957 ugonjwa huu ulitoka Afrika ukafika Lisbon, nchini Ureno, na inasadikiwa kuwa uliingia kwa makombo ya chakula cha ndege za abiria waliyolishwa nguruwe.

Basi mjane ambaye nguruwe wake wawili ndio sare na madaftari ya wanawe, atafarijika nini akiambiwa ya kwamba ugonjwa haukumgusa mwilini?

Hatusemi haya kwa kumdharau mfugaji. Twajua ya kuwa azikaye nguruwe wake huzika akiba yake yote, na mara nyingi hapati wa kumfidia. Kwa hiyo mzigo huu si wake peke yake. Mnunuzi akimbiliaye nyama ya bei ya kutupa anashiriki kosa. Na serikali imtakayo mfugaji aseme kweli, yaipasa kumsaidia aliyeisema.

Nguruwe wakiugua, aitwe bwana mifugo, waliokufa wafukiwe, asitoke mnyama wala nyama. Maabara yaweza kutuambia kama virusi huingia katika mwili wa mtu. Kama huingia katika nyumba ya jirani na kuila riziki yake, hilo twalijua bila maabara, na yatupasa kulijibu sisi wenyewe.