Usianze na Matokeo

 Huenda mwanenu anasomea udaktari Dodoma au Muhimbili, na nauli yake imetoka kwenye alizeti na asali. Tangu mwaka wa kwanza kijiji kizima kinamwita daktari. Somo likimshinda, atamwambia nani?

Mwaka 2016 watafiti walijumlisha tafiti za nchi nyingi: takriban mwanafunzi 1 kati ya 9 wa udaktari alikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya wenye dalili za sonona, wachache tu walitafuta tiba. Kwetu Tanzania kuna kinachoniuma zaidi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba.

Mama, baba, mkimpigia leo msianze na matokeo. Muulizeni: unalala? Unakula? Mkiingiwa na wasiwasi, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, msimkemee. Mtu akae naye, apelekwe hospitali leo leo. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko Dodoma, lakini hospitali yoyote ya karibu yafaa kuanzia.