Mficha Uchi Hazai: Habari ya Damu ni ya Nani?

Kila mtoto anayezaliwa Texas huchomwa kisiginoni kabla hajamaliza siku mbili duniani, na matone ya damu yake hupelekwa kwenye maabara ya jimbo kule Austin. Wiki moja au mbili baadaye hupimwa tena. Kwa njia hiyo, baadhi yetu tuliojaliwa watoto huku Dallas, Fort Worth na Houston tumepata habari ambayo wazazi wetu nyumbani hawakuwahi kuipata: kwamba mtoto amerithi kinasaba kimoja cha selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo. Daktari anatutoa wasiwasi, mtoto si mgonjwa. Karatasi inawekwa kwenye droo pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Swali tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi, ndugu wasomaji, ni hili: habari ile ni ya nani? Ni siri ya baba na mama, au wapo wengine wenye haki nayo? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa hakuna maradhi ya kufichwa. Mtoto anacheza mpira, baba anabeba maboksi zamu mbili, mama anasomea uuguzi. Wote wazima. Hapo ndipo penye ugumu.

Tuanze na jambo lenyewe. Kuna upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma, nao hutibika kwa chakula na dawa. Huu wa selimundu hurithiwa. Mtoto hupokea kinasaba kimoja cha himoglobini kwa baba na kimoja kwa mama. Akipata chenye hitilafu kwa mzazi mmoja tu, huitwa AS. Huyo ni mbebaji, na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuumwa. Akikipata kwa wote wawili huwa SS. Chembe zake nyekundu hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na huvunjika mapema, naye huteswa na maumivu makali, upungufu wa damu na maambukizo. Wazazi wawili walio AS wana nafasi moja katika nne ya kupata mtoto SS, na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kupata mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu watakaofuata wamesalimika.

Wala kinasaba hiki si laana ya ukoo. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watu wa pwani, wa kando ya Ziwa Victoria na wa nyanda za juu, akaona kwamba wabebaji ni wengi penye malaria na ni wachache penye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba kinasaba kimoja humkinga mtu na malaria. Maana yake ni kwamba wengi wetu tupo leo kwa sababu bibi au babu fulani alikingwa nacho utotoni. Mtoto mwenye SS analipa deni ambalo ukoo mzima ulikopa.

Sasa tuwasikilize wanaonyamaza, maana hawanyamazi kwa ujinga. Nyumbani, tetesi kwamba ukoo fulani una ugonjwa wa damu zinatosha kuvunja posa ya binti. Mtoto akiumwa, mara nyingi mama ndiye anayeambiwa amekuja na mkosi, ingawa hakuna SS bila kinasaba cha baba. Huku Marekani nako historia haipendezi. Upimaji ulipoenea miaka ya 1970, Wamarekani weusi waliokuwa wabebaji tu, wazima kabisa, walinyimwa kazi na bima. Chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga kiliwakataa wabebaji hadi 1981. Sheria ya nchi nzima ya kuzuia ubaguzi wa vinasaba katika ajira na bima ya afya ilipatikana 2008, nayo haigusi bima ya maisha. Kwa hiyo anayesema damu yangu niachieni mwenyewe ana hoja, na tusimcheke.

Lakini tuangalie kujua kumefanya nini hapa hapa tulipo. Huko Dallas, madaktari waliwafuatilia watoto wenye selimundu waliogunduliwa kwa kipimo cha kisigino tangu miaka ya 1980. Ripoti yao ya 2010, iliyohusu watoto 940, ilionyesha kwamba karibu 94 katika kila 100 ya wenye SS walifikia umri wa miaka 18. Penisilini ya kila siku tangu uchanga, chanjo, na mzazi anayejua kwamba homa ya mtoto huyu haingoji asubuhi: hayo ndiyo yaliyowavusha. Barani Afrika wataalamu wamekadiria kwamba zaidi ya nusu ya watoto kama hao wamekuwa wakifariki kabla ya miaka mitano, wengi bila ugonjwa wao kutajwa jina. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Hapo ndipo karatasi ya kwenye droo inapotuuliza. Mtoto akiwa AS, basi mzazi wake mmoja au wote wawili ni wabebaji. Na kila ndugu wa damu wa mzazi huyo, baba mmoja mama mmoja, ana nafasi isiyopungua nusu ya kuwa mbebaji pia. Karatasi ile imewataja, bila kuwataja majina, shangazi, wajomba, baba wadogo na binamu walioko Mwanza, Kisumu na Bukavu, ambao huenda hakuna atakayewapima. Tumeijua kwa bahati ya mahali tulipozalia. Je, bahati hiyo inatupa haki ya kuwanyima?

Tunaona hapana. Haki ya siri ipo ili kumkinga mtu na mwajiri, na kampuni ya bima, na midomo ya mtaani. Haikuwekwa kumkinga na ndugu wa damu ile ile, wala na mchumba atakayezaa naye. Wahenga wana methali nyingine inayofaa zaidi: mficha uchi hazai. Haisemi mtu avue nguo sokoni. Kamati ya harusi haihitaji kujua himoglobini ya bwana harusi. Bibi harusi anahitaji, na bwana harusi anahitaji ya bibi harusi, mapema, kabla mahari haijafungwa na kadi hazijachapishwa.

Wala hatusemi kwamba wenye AS wasioane. Saudia, tangu 2004, kila wachumba hulazimika kupimwa, lakini uamuzi wa kuoana au kutooana huachwa mikononi mwao. Hilo tunaliona la haki. Wawili wanaoingia macho wazi watampima mtoto siku ya kwanza na watajua pa kukimbilia. Na sasa pana pa kukimbilia hata nyumbani: utafiti uliotolewa 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea ni salama kwa watoto wetu, hupunguza maumivu na hupunguza vifo. Tiba za kurekebisha vinasaba zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2023 zilitangazwa kwa bei inayozidi dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Simu ya kwenda Mwanza ni ya senti.

Basi tuitoe ile karatasi kwenye droo. Akina baba nao wapimwe, wasimwachie mama peke yake kubeba jina la ugonjwa. Kisha tuwapigie ndugu zetu. Tuanze kwa kuwaambia kwamba sisi ni wazima, na pengine wao pia ni wazima, ila kuna jambo la damu yetu ambalo ni lao kama lilivyo letu.