Gorogoro Mbili za Kiwanda cha Magari

Kiti cha nyuma cha Toyota Probox aina ya van hakikukusudiwa kukaliwa muda mrefu. Sheria za magari za Japani hutaka van ya mizigo iwe na nafasi kubwa ya mzigo kuliko ya abiria. Kwa hiyo Toyota ilipoitoa Probox mwaka 2002, kuchukua nafasi ya van ya Corolla, iliweka nyuma benchi jembamba lenye mgongo uliosimama wima, la kukunjwa pakiwa na katoni za kubeba. Mteja aliyefikiriwa ni mchuuzi wa kampuni, mtu wa tai anayezunguka peke yake na sampuli zake. Ndiyo maana dashibodi ina kimeza cha kuvuta, cha kuandikia risiti na kulia chakula cha mchana.

Katika steji za mjini Kisii, benchi hilo hilo hubeba watu wazima wanne kwenda Nyamira, Keroka au Ogembo. Mbele hukaa wawili ubavuni mwa dereva, na siku ya soko wa tatu hugawana kiti na dereva mwenyewe. "Omogaka, sogea kidogo, mama aingie," makanga anasema, na mzee anasogea ingawa pa kusogea hapapo.

Hili ni miongoni mwa magari sahili zaidi yanayopanda vilima vya Gusii, na hakuna kiwanda kilicholirahisisha kwa ajili ya Mkisii. Lilizaliwa hivyo, kwa Wajapani wenyewe. Redio yake inashuhudia: bendi ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na, katika redio za zamani, hukomea 90, hivyo vituo vingi vya Kenya haviingii mpaka fundi afunge kifaa cha kuhamisha mawimbi. Magari mengine humkaribisha dereva kila asubuhi kwa sauti ya mwanamke anayesema Kijapani, akimkumbusha kuchomeka kadi ya kulipia barabara za huko. Gari la mtumba halikupunguzwa kitu kwa sababu lilipoundwa hakuna aliyemwaza mnunuzi wa Kisii.

Lakini kwenye gereji za mji huo, maneno ni mengine. Wapo wanaoamini kwamba viwanda vina magari ya aina mbili: la kwao, na la kwetu. La kwao lina nguvu, breki za ABS, mifuko ya hewa na bodi ngumu. La kwetu lina jina lile lile, nembo ile ile, na vitu vimetolewa ndani. Madai haya husikika hasa kuhusu magari ya kasi, maana mwenye kununua Subaru hanunui usafiri tu. Ananunua farasi waliotajwa kwenye karatasi, na akihisi wawili hawapo atadai amedhulumiwa.

Je, kweli viwanda hufanya hivyo? Na vikifanya, ni dhambi?

Swali la pili si geni Gusii. Wakatoliki walijenga misheni Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa mwaka 1912, na tangu hapo vizazi vimekua vikisikia Kumbukumbu la Torati sura ya 25 ikimkataza mfanyabiashara kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, kubwa na dogo. Kitabu cha Mithali kinairudia hoja hiyo. Nabii Amosi anawakemea wanaopunguza kipimo huku wakingoja Sabato ipite wafungue maduka, kemeo linalogusa mahali penyewe katika mji ambao maduka yake mengi hufungwa Jumamosi. Kurani ina sura nzima, ya 83, inayobeba jina la wapunjao vipimo.

Anayetaka kuiona dhambi hiyo kwa macho aende soko la Daraja Mbili akakague mkebe wa gorogoro. Mahindi na maharagwe hupimwa humo. Mchuuzi mwaminifu ana mkebe wenye kitako bapa; mjanja hukigonga kitako kwa nyundo kikapanda juu, akaujaza mkebe mbele ya mteja mpaka ukafurika, na mteja akaondoka ameridhika na mahindi pungufu. Akina mama wanaolijua soko huugeuza mkebe kwanza.

Ieleweke hapo kwamba Torati haikukataza kipimo kidogo. Nusu gorogoro ni halali. Kilichokatazwa ni kuuza kidogo kwa jina la kikubwa, na ndiyo maana swali la magari haliishi kwa kuthibitisha tu kwamba kiwanda kilitoa kitu.

Chukua Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyozinduliwa mwaka 1984 na ambayo Kenya huiunganisha Mombasa. Ni gari la polisi, la ambulensi, la mwanasiasa anayetafuta kura Bomachoge msimu wa mvua. Kwa miaka mingi iliuzwa Afrika na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo (turbo), wakati masoko tajiri yalikuwa yakipewa dizeli zenye tabo na kompyuta. Ukiangalia haraka utasema tumepewa masalio. Ila kabla ya Januari 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoteremsha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, mafuta ya hapa yangeziharibu baadhi ya injini za kisasa mapema mno. Injini ya 1HZ haikuchagua mafuta, na fundi wa Nyamache angeweza kuifungua bila kompyuta. Waliotoa vitu hapo walikuwa wamemfikiria anayenunua na barabara yake.

Aristotle, akiandika kuhusu uadilifu, alisifu rula ya risasi iliyotumiwa na waashi wa kisiwa cha Lesbos. Rula hiyo ilijikunja kufuata umbo la jiwe. Alisema haki wakati mwingine inahitaji rula ya namna hiyo, kwa sababu sheria iliyonyooka haiwezi kuyapima mawe yote. Land Cruiser ya 70 ni kazi ya rula ya risasi. Wachongaji wa Tabaka wangelielewa hili bila kusoma Aristotle. Wao huchonga jiwe la sabuni kwa namna moja kwa mnunuzi wa Ulaya na kwa namna nyingine kwa wa hapa, na hakuna anayewaita walaghai.

Magari ya kasi yana kisa cha ajabu zaidi, kwa sababu yanaigeuza dhana juu chini. Kuanzia mwaka 1989 viwanda vya Japani viliafikiana, bila sheria yoyote, kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280, na mapatano hayo yalidumu hadi 2004. Zaidi ya hapo, magari ya kuuzwa Japani yaliwekewa kizuizi cha kilomita 180 kwa saa. Walijibana nyumbani kwao. Baadhi ya magari waliyouza nje hayakuwa na kizuizi hicho. Kwa upande wa Subaru mambo yalikwenda kinyume: Impreza WRX ilizinduliwa Japani mwaka 1992, na Mmarekani aliingoja karibu muongo mzima. Wamarekani walipopata STI, toleo lake lenye nguvu zaidi, ilikuja na injini ya lita 2.5 ilhali Mjapani alibaki na ya lita 2.0 iliyozunguka kwa kasi zaidi, iliyotayarishwa kwa petroli bora ya Japani yenye okteni inayokaribia 100.

STI hiyo ya Kijapani ndiyo inayoshuka Mombasa kama mtumba. Mkenya ambaye hakuwahi kuwaziwa na Subaru anaendesha gari ambalo Mmarekani aliyewaziwa sana hakuuziwa. Kisha analijaza petroli ya kituo chochote. Injini inapogonga kwa sababu ya okteni ndogo, kihisio kinasikia kugonga huko na kompyuta inachelewesha cheche ili pistoni zisipasuke. Farasi kadhaa hulala hapo hapo. Mwinuko nao una kodi yake: injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi. Mwenye Impreza ya kawaida anayelalamika kwamba ameuziwa gari lililopunguzwa akilaumu mlima kwanza, kisha tangi lake, atakuwa amekaribia ukweli.

Na akiwapata farasi wote, atawapeleka wapi? Kikomo cha gari la binafsi kwenye barabara kuu za Kenya ni kilomita 110, na matatu zilifungiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa amri za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Serikali nayo hurahisisha magari, na abiria wengi walishukuru.

Kufikia hapa kiwanda kinaelekea kuachiliwa huru. Kuna kesi moja inayozuia.

Mwaka 2018 shirika la Global NCAP, linalogongesha magari ili kupima usalama wake, lilijaribu pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyoundwa Afrika Kusini. Ilipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Novemba 2020 shirika hilo likafanya jaribio lililozungumza kuliko ripoti yoyote: lilichukua Hardbody mpya kabisa ya soko la Afrika, likaigonganisha uso kwa uso na Nissan Navara ya mwaka 2015 iliyonunuliwa Ulaya ikiwa mtumba. Kibini cha Hardbody kilijikunja, na kwa vipimo vya sanamu iliyokaa kwenye usukani, dereva wake pengine angekufa. Dereva wa Navara angefungua mlango akashuka. Kampuni ilikuwa imejitetea kwamba gari lake linatimiza kanuni za Afrika Kusini, na huenda ilisema kweli, jambo linalozidi kuhuzunisha. Uundaji wa Hardbody ulikoma mwaka 2021.

Tofauti kati ya Hardbody na Land Cruiser haiko katika wingi wa vilivyotolewa. Iko katika mahali vilipotolewa. Mnunuzi wa Land Cruiser aliona kwamba hakuna tabo. Angeuliza, na angejibiwa. Udhaifu wa bodi uko chini ya rangi, katika unene wa chuma na pointi za kuchomelea, ambako jicho la mnunuzi halifiki hata akiwa fundi. Hicho ni kitako cha gorogoro kilichogongwa, tena gorogoro ambayo hairuhusiwi kugeuzwa. Kuna hadithi katika Sahihi ya Muslim kuhusu Mtume aliyepita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi. Mwenye nafaka alisema mvua iliinyeshea. Mtume hakumkataza kuiuza. Alimuuliza mbona hakuiweka iliyolowa juu watu waione.

Wenye viwanda wana hoja ya bei, na si hoja ya kupuuzwa. Ukimwekea maskini kila kitu alichowekewa tajiri, watasema, hatanunua gari kamwe. Ataendelea kupanda bodaboda, ambayo haina bodi wala mfuko wa hewa. Kenya yenyewe ilijaribu njia ya usahili wa wazi. Kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, ilitoa gari la barabara mbovu lisilo na kipoza hewa, lisilo na usukani wa pawa, hata vioo vya madirisha halikuwa navyo. Bei ilikuwa karibu shilingi 950,000. Hapakuwa na hila: ulichokikosa ulikiona. Wanunuzi waliona pia kwamba kwa pesa hizo, au chini yake, wangepata mtumba wa Japani wenye vioo na redio, wakaenda huko. Toleo lililofuata lilirudisha vioo, lakini mwaka 2024 kampuni ilitangaza kujifunga kabla ya kupata mnunuzi mpya. Usahili wa wazi ulipewa jibu la wazi, na soko likafanya kazi yake. Mnunuzi wa Hardbody hakupewa nafasi ya kujibu, kwa kuwa hakujua kuna swali.

Hata hivyo, kuwaachia wanunuzi hukumu yote kunamsahau yule mzee wa kwenye Probox. Yeye hakununua gari. Hakusoma karatasi wala hakulinganisha bei. Alilipa nauli ya kwenda Nyamira. Aliyenunua ni mwingine, na baada ya kununua alilipeleka kwa fundi, springi zikabadilishwa ngumu zaidi, gari likainuliwa kwa spesa, na pengine waya wa taa ya onyo ya mifuko ya hewa ukakatwa kwa sababu taa ilikuwa ikimsumbua. Mkanda mmoja wa kiti unategemewa na watu wawili. Kiwanda cha Japani hakimo katika uamuzi huo. Waliomo ni majirani, baadhi yao wazee wa kanisa, na Kumbukumbu la Torati sura ya 25 haisemi kwamba mwenye mawe mawili lazima awe mgeni.

Kwa sasa, kwenye yadi za magari, mazungumzo hufuata njia iliyozoeleka: mwaka, kilomita, rangi, ulaji wa mafuta, upatikanaji wa spea. Matokeo ya majaribio ya kugonganisha yako kwenye tovuti ya Global NCAP, bure, gari kwa gari, na simu ya kuyafungulia iko mfukoni mwa karibu kila anayepiga bei. Hardbody za miaka ya mwisho hazijazeeka. Zina miaka mingi mbele yake ya kubeba ndizi za Keumbu na majani ya chai ya Nyamira, na zitaendelea kubadilisha wenyewe, zikitangazwa kwa bei nzuri na maelezo kwamba pikapu hii ni ngumu.