Je, Rubani Anayegeuza Ndege ni Mwoga?

Watu wengi husifu mwendo wa kwenda mbele. Dereva anayefika upesi huitwa hodari. Yule anayesimama kando ya njia kungoja mvua ipite huchekwa. Desturi hiyo ni mbaya hata barabarani, lakini angani ni mbaya zaidi. Yafaa basi tujiulize: mtu aliyebeba maisha ya wengine, ushujaa wake ni upi?

Kwanza tuijue hatari yenyewe. Hapa Kambove, wakati wa masika, mara nyingi tunaona alasiri mawingu meusi yakipanda juu ya vilima. Tunaogopa hasa radi, na wako wanaosema kwamba hutumwa na adui. Lakini kwa ndege kubwa radi siyo hatari ya kwanza. Mwili wa ndege umetengenezwa hivi kwamba umeme hupita juu yake ukatoka; ndege nyingi hupigwa na radi, nazo huendelea na safari.

Hatari kubwa ni upepo. Katika nchi zetu za joto wingu la ngurumo laweza kufika kimo cha kilometa 15 na zaidi, hali ndege za abiria huruka kwenye kilometa 10 hadi 12. Basi rubani hawezi kulipita kwa juu; sharti alizunguke. Tena, chini ya wingu hilo, mara nyingine hewa baridi huanguka kwa ghafula kama maji yaliyomwagwa kutoka ndoo, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Ndege inayotua hukutana kwanza na upepo wa mbele, nao huiinua. Punde si punde upepo huwa wa nyuma, mabawa hukosa nguvu ya kuibeba, na ardhi iko karibu. Mtaalamu Ted Fujita, Mjapani aliyefundisha Chicago, alifafanua jambo hilo baada ya ajali ya ndege ya New York mwaka 1975. Na angalieni: upepo huo haudumu. Ni dakika chache tu, kisha umekwisha.

Sisi wa Kongo tunao mfano wa kuhuzunisha. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Kisangani, ilifika Kinshasa wakati wa tufani. Ndani walikuwamo watu 33. Marubani walijaribu kutua, wakaghairi, wakaanza kupanda tena. Ndege ikaanguka, wakafa watu 32, akapona mmoja. Wachunguzi walisema kwamba yaelekea upepo wa namna hiyo ndio ulioiangusha. Lakini waliongeza neno: rada ya ndege ilikuwa imeonyesha tufani, na haikufaa kuendelea kushuka. Mwaka ule ule, tarehe 8 Julai, ndege ya Hewa Bora ilianguka ilipojaribu kutua Kisangani katika mvua ya ngurumo, wakafa watu zaidi ya 70.

Hatusemi haya ili tuwahukumu wafu. Twataka kujifunza.

Mtu atasema: «Siku yao ilikuwa imefika.» Ndugu, siku ya kufa hatuijui, lakini wingu lililo mbele yetu twaliona. Aliyeona nyoka mlangoni, akapita juu yake, asiseme kwamba ni ajali.

Mwingine atasema: «Kuchelewa nako kuna hasara. Mgonjwa anangoja dawa, mfanyabiashara anapoteza soko, mafuta yanakwisha bure.» Neno hili ni la kweli, wala tusilidharau. Lakini pimeni. Hasara ya saa mbili yaweza kulipwa. Maisha ya mtu hayalipwi. Tena maisha yale siyo mali ya rubani. Ni amana. Abiria hawaoni rada, hawajui wingu lina nini. Wamemwachia yeye macho yao. Kwa sababu hawaoni, wajibu wake umezidi.

Sisi watu wa machimbo tungepaswa kulifahamu jambo hili upesi. Kapita anayesikia mwamba ukilia, akawatoa watu wake shimoni ingawa kazi ya siku imepungua, nani atamwita mwoga? Wake za wachimbaji wanamwita mtu mwema.

Sasa tufike penye kiini. Kwa nini rubani huendelea mbele hali ameliona wingu? Pengine ni kwa kuwa anawaogopa wakubwa wake wanaohesabu saa na mafuta. Pengine anaogopa kuchekwa na wenzake, au anaogopa makelele ya abiria. Basi huo nao ni woga, ila umevaa nguo za ushujaa. Anayegeuza ndege amewashinda watu wote hao kwanza, ndiyo maana twasema ana moyo mkuu.

Wala hatusemi watu wasisafiri. Mwenye busara hakai nyumbani siku zote. Anajua wakati wa kwenda na wakati wa kungoja.

Na sisi abiria tunalo fungu letu. Tukiwatukana wafanyakazi kwa kuchelewa, twamsukuma rubani kuelekea winguni. Basi siku utakapoambiwa pale Luano kwamba ndege inangoja mvua ipite, keti kwa utulivu, umtulize na jirani yako. Wahenga walisema: Kawia ufike.