Musa Alitoka Kasri, Akaenda Kuchunga



Ndugu zangu wanafunzi, msimu wa kutafuta nafasi za mafunzo ya vitendo umefika. Baada ya swala kila mtu anamuuliza mwenzake: umepata wapi? Anayetaja benki au kampuni ya simu ya Kampala anapongezwa. Anayesema, "Nimepata kwa vijana watatu, Misiera, Nakivale," anasema kwa sauti ndogo. Naandika kwa ajili ya sauti hiyo ndogo, maana mwaka jana ilikuwa yangu.

Turejee Suratul Qasas. Nabii Musa (a.s.) alilelewa katika kasri la Firauni. Akatoka Misri mikono mitupu, akakimbilia Madyan. Leo tungemwita mkimbizi. Kazi aliyoipata ni kuchunga mifugo ya mzee mwenye mabinti wawili. Binti alipompendekeza kwa baba yake alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Muda ukawekwa wazi mapema, miaka minane, na kumi kwa hiari yake. Alipoumaliza, akiwa safarini na familia yake, ndipo Mola wake alipomwita upande wa mlima Tur.

Na Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Alianza na jibini kavu na samli.

Nakivale nayo imepokea wahamaji tangu mwisho wa miaka ya 1950. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na wengi wamejitengenezea kazi hiyo wenyewe, kwa mtaji mdogo.

Sasa kisa changu. Tangu sheria ya 2016 ilipofungua mlango wa benki za Kiislamu nchini, ndoto yangu ilikuwa ofisi yenye kiyoyozi. Barua zangu hazikujibiwa. Nikaishia kwenye kampuni changa ya mahindi, inayowalipa wakulima kabla ya msimu na kupokea mzigo wakati wa mavuno. Wakaniambia, "Ustadhi, tuandikie mkataba wa halali." Darasani nilikuwa nimepata alama nzuri katika somo la bei ya salam. Nikaandika: magunia kumi.

Siku ya kukabidhiana, kampuni ilileta magunia makubwa, ikataka yashindiliwe hadi mdomoni. Mama mkulima, Mkongo, alikuwa na magunia ya kawaida. Akaniuliza, "Mwanangu, uliandika gunia lipi?" Sikuwa na jibu. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha watu wa Madina waliokuwa wakilipia tende mapema: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Hadithi hiyo niliihifadhi, lakini kalamu yangu ilikuwa karibu kumdhulumu mjane. Nikamwomba radhi, tukakubaliana kilo, tukapima kwa mizani, na mikataba yote ikaandikwa upya. Katika ofisi kubwa huenda ningetumwa kutoa nakala tu, na kosa hilo ningelibeba hadi siku nitakapokuwa na mamlaka.

Sisemi kampuni kubwa ni haramu. Nabii Yusuf (a.s.) alisimamia hazina ya mfalme. Wala udogo peke yake si uchamungu. Wapo wenye kampuni changa wanaomtumikisha mwanafunzi miezi miwili bila hata nauli ya matatu kutoka Mbarara, wakiita hiyo uzoefu. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kwa hiyo kabla ya kwenda, uliza mambo manne. Biashara yao ni halali? Nani atakufundisha? Muda na nauli vimeandikwa, kama Suratul Baqara inavyotuagiza kuandika madeni? Na swala utaipata kwa wakati? Ukijibiwa vizuri, nenda, hata kama ofisi ni kibanda cha mabati.

Ukirudi, mwenzako akikuuliza umepata wapi, mjibu kwa sauti kamili. Siku ya Kiyama hatutaulizwa jina lililokuwa juu ya mlango wa ofisi. Tutaulizwa mali tuliipata vipi, tukaitumia vipi, na elimu tuliifanyia nini.

Ewe Mola, tupe riziki ya halali, nguvu na uaminifu, na utulinde tusimpunje mtu kipimo chake. Amin.

Wabillahi tawfiq.