Maana, Matumizi na Mtumiaji: Suala la Kimaadili katika Ujifunzaji wa Msamiati wa Kiingereza Wajir

Utangulizi

Katika shule za sekondari za Kenya, ujifunzaji wa msamiati wa juu wa Kiingereza una desturi yake. Mwanafunzi huweka daftari dogo. Neno gumu huandikwa upande mmoja, maana yake upande wa pili, na chini yake sentensi moja ya mfano. Insha iliyopambwa kwa maneno ya aina hiyo huhesabiwa kuwa dalili ya umahiri, na alama hufuata. Desturi hii kwa kawaida hujadiliwa kama jambo la mbinu za kufundishia tu. Hata hivyo, ndani yake limo suala la maadili, nalo hujitokeza kwa uwazi wa pekee katika Wajir: je, mtu anaweza kusemwa kuwa amelijua neno iwapo amefundishwa maana yake, lakini hakuonyeshwa kazi ambayo neno hilo liliwahi kufanya juu ya watu wake?

Maneno Yaliyotangulia Kamusi

Mtoto wa Wajir huzaliwa katika Kisomali, husoma Kiarabu cha Kurani katika duksi, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Yamkini mtu atadhani kwamba msamiati wa juu wa Kiingereza ni kitu cha mwisho kumfikia. Ukweli ni kwamba baadhi ya maneno hayo yalifika kwao kabla ya vitabu, yakiletwa na sheria na amri.

Neno “indemnity” ni mfano ulio wazi. Katika somo la biashara, mwanafunzi hufundishwa kwamba ni kanuni ya bima: aliyepata hasara hurejeshwa katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara hiyo. Kanuni hiyo humlinda aliyeumia. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyobeba neno hilohilo katika jina lake. Sheria hiyo ilizuia mashtaka kuhusu matendo ya watumishi wa serikali na vyombo vya usalama katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, yaliyofanyika kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967, wakati wa vita vilivyoitwa vya Shifta, mradi yawe yalifanywa kwa nia njema. Hapa anayekingwa ni mtendaji, na hasara anayoepushwa ni madai ya mtendwa. Kamusi haikukosea, kwani kinga ni kinga. Kilichogeuka ni upande inakoelekea. Mwanafunzi aliyeandika “fidia” katika daftari lake, akilikuta jina la sheria hiyo, ana kila sababu ya kudhani kwamba wazee wake waliahidiwa malipo.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni mwaka 1974. Sheria ya 1970 ilijadiliwa na kuandikwa kwa lugha ambayo wengi wa waliofungwa nayo hawakuwa nayo. Kutolijua neno hakukumwepusha mtu na neno.

Hali ni hiyo kwa “screening”. Asili yake ni ungo na chekecheo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililitumia kwa kuwahoji na kuwatenga washukiwa wa Mau Mau. Mwaka 1989 serikali ya Kenya huru ililitumia kwa zoezi la kuwachuja raia wenye asili ya Kisomali. Sitiari ya ungo humwonyesha msomaji nafaka na makapi, ikamficha mwenye kupepeta.

Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya mwalimu. Atasema kwamba neno haliwezi kubebeshwa historia yote, na kwamba mwanafunzi wa Wajir anahitaji alama zilezile anazohitaji mwenzake wa Nairobi. Hoja hii ina uzito. Kumnyima kijana msamiati kwa sababu umechafuka ni kumwacha mikononi mwa wanaoujua. Lakini hoja yenyewe haidai kimya. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, alishikilia kwamba mara nyingi maana ya neno ni matumizi yake katika lugha. Ikiwa ndivyo, anayefundisha matumizi kwa sentensi moja safi amekwisha kuchagua mtumiaji mmoja na kuwaacha wengine. Uchaguzi huo si wa kisarufi.

Pingamizi ya pili ni ya wale wanaomfuata Ngũgĩ wa Thiong’o, ambaye mwaka 1986 alitangaza kuacha kuandika kwa Kiingereza: kwa nini lugha hiyo isiwekwe kando? Jibu ni kwamba lugha nyingine hazina usafi wa kuzaliwa. “Shifta” ni neno la Kiamhari lililoingia katika Kiswahili cha Kenya likiwa na maana ya jambazi, likafunika madai ya kisiasa ya eneo zima. “Operesheni” imekuwa neno la Kiswahili. Kwa jina hilo wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa Februari 1984 katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilikadiria karibu 1,000. Kuhama lugha hakumwondolei mtu wajibu wa kuuliza nani alisema, na juu ya nani.

Kanuni ya Mghani

Jawabu lipo katika fasihi ya Wasomali wenyewe. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao cha mwaka 1964 kuhusu ushairi wa Kisomali, walieleza kwamba mghani anayekariri shairi la mwingine hutarajiwa kumtaja mtunzi wake, na kwamba shairi mara nyingi huambatana na maelezo ya tukio lililolizaa. Kulighani bila mwenyewe ni kasoro ya heshima, na bila tukio lake shairi hueleweka nusu.

Kanuni hii, ikihamishiwa kwenye daftari la msamiati, hudai mstari mmoja zaidi chini ya sentensi ya mfano: nani alilitumia neno hili, juu ya nani, na kwa tukio gani. Si kila neno litakuwa na la kujaza hapo. Yale yenye la kujaza ndiyo ambayo mwanafunzi wa Wajir hana budi kuyamiliki kikamilifu.

Hitimisho

Elimu ya msamiati humpa mwanafunzi uwezo wa kusema na wa kutambua anaposemwa. Anayeijua “indemnity” ya bima peke yake amepata alama; anayeijua pia ile ya 1970 amepata uwezo wa kusoma sheria inayomhusu na kudai, kwa neno lilelile, kinga irudishwe upande wa aliyeumia. Mwalimu anayelifundisha neno kwa nusu yake ya kwanza hajasema uongo; lakini amemkabidhi kijana silaha huku akimficha upande wenye makali.